Kipupwe kimeingia, ratiba ya muziki wetu iko wapi?

Juzi usiku binamu yangu anayefanya kazi Durban alinitumia picha ya karatasi. Nilidhani ni mambo ya michango ya ukoo, nikaifungua nikiwa ndani ya blanketi, maana upepo wa Dodoma mwezi huu hauna utani. Kumbe ni ratiba. Okestra ya KwaZulu-Natal Philharmonic inatangaza msimu wake wa kipupwe. Wenzetu wako kusini ya ikweta kama sisi, baridi yao ni Juni mpaka Agosti kama yetu. Alhamisi hii, Alhamisi ijayo, Alhamisi ile nyingine, ukumbi ule ule. Kila jioni imeandikiwa saa ya kuanza, jina la kondakta, nani atapiga piano au fidla, na simfoni gani itafuata baada ya mapumziko. Chini binamu ameongeza: "Kaka, nimeshakata tiketi mbili, mimi na shemeji yako."

Niliitazama ile karatasi mpaka simu ikazima mwanga. Kilichonichoma ni zile tarehe.

Mtu wa Durban anajua leo kwamba Alhamisi fulani ya mwezi ujao wanamuziki watakaa mbele yake, watapatanisha vyombo, na yeye na mamia ya wenzake watanyamaza wasikilize. Mimi nimezaliwa Chamwino, naishi Kikuyu hapa mjini, nina miaka arobaini na mitatu, na sijawahi kununua tiketi ya kukaa kwenye kiti, usiku, mjini Dodoma, nisikilize muziki wa Wagogo toka mwanzo mpaka mwisho. Si kwamba siujui. Nimelelewa nao, harusini, msibani, wakati wa jando, hata kanisani siku ya Krismasi. Ila hapa mjini, makao makuu ya nchi, nausikia nikiwa nimesimama, na kabla haujakolea umeshakatwa.

Nisimulie la mwaka jana, maana hilo ndilo linalonifanya niandike.

Shangazi yangu anapiga muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Amevuka miaka sitini. Kikundi chao ni akina mama kumi na wanne, na yeye ndiye mwenye ngoma kubwa, ile inayoongoza. Mwezi kama huu waliitwa kupamba sherehe moja hapa mjini, na sitaitaja ilikuwa ya nani. Waliambiwa wafike saa moja asubuhi. Ili wafike saa moja waliondoka kijijini saa kumi alfajiri ndani ya kirikuu, ngoma katikati, wao pembeni, kanga kichwani kwa ajili ya vumbi na baridi. Mimi ndiye niliyewapokea.

Asiyejua hudhani ngoma huchukuliwa tu ikapigwa. Ngozi ikilala kwenye baridi inalegea, na ngoma iliyolegea haina sauti, ina kishindo tu. Kwa hiyo kwanza unawashwa moto wa nyasi kavu na vijiti. Ngoma zinalazwa kuuzunguka, nyuso zikielekea kwenye joto, zinageuzwa, zinasogezwa, zinarudishwa nyuma kidogo ngozi isije ikapasuka. Shangazi anainua ya kwake, anaigonga kwa ncha za vidole, anainamisha sikio, anairudisha. Anainua tena. Ikimridhisha, anazifuata zile ndogo moja moja: anagonga yake, anagonga ile, yake, ile, mpaka zikubaliane. Wakati huo hakuna mama anayeongea. Nimekua nikiuona ule moto, na hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zinazoungua jioni, mwili wangu unajiandaa kusikia ngoma.

Okestra nayo ina moto wake. Kabla kondakta hajatoka, mpiga obo, chombo cha kupuliza, hutoa sauti moja, noti ya A, akaishikilia. Fidla zinaifuata, selo zinaifuata, tarumbeta zinaifuata, na ukumbi mzima unangoja. Hata wao baridi inawasumbua, kwa sababu chombo cha kupuliza kikipoa sauti yake hushuka. Hakuna mtu Durban anayemwambia mpiga obo aharakishe kwa kuwa mgeni rasmi yuko njiani.

Shangazi aliomba mahali pa kuwasha moto. Kijana aliyekuwa akipanga shughuli akamjibu, "Mama, hapa hakuna moto, mgeni anakaribia." Akaomba basi angalau ngoma zitolewe juani. Akaambiwa njia inatakiwa ibaki wazi. Wakawekwa nyuma ya jukwaa, chini ya hema, kwenye zege lenye baridi, upepo ukiwapiga. Mgeni aliyekuwa anakaribia alifika saa saba na nusu mchana. Masaa sita na nusu. Walipoliona gari ndipo wakafokewa: "Haya akina mama, chezeni, chezeni!"

Wakasimama, wakabana ngoma mapajani, shangazi akaipiga ya kwake. Ilitoa sauti ya boksi. Nilimwona usoni. Aliendelea, wenzake wakampokea, wimbo ukaanza kupanda, sauti ya pili ikaingia chini ya ile ya kwanza kama inavyotakiwa, na hapo hapo mshereheshaji akafungulia spika muziki wa kurekodiwa. Mgeni akapita akipunga mkono. Nilikuwa nimeshika saa: dakika mbili na kidogo. Shangazi akaweka kiganja juu ya ngozi kuizima, akasimama hivyo hivyo. Walipewa soda na nauli.

Jioni nikiwasindikiza kwenye gari aliniambia, "Mwanangu, wamesikia ngoma mbovu. Watasema Wagogo ndivyo tunavyopiga."

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina.

Ndiyo maana neno "burudani" linapoandikwa kwenye ratiba za shughuli zetu mimi linanikera. Burudani ni kile kinachojaza nafasi mgeni akichelewa. Yule mama ni mwanamuziki. Ana sikio la kupatanisha ngoma kumi na nne bila kifaa chochote, na sisi tunamtumia kama ua la mezani.

Na muziki wenyewe hauvumilii kelele. Watu wanaona ngoma za akina mama wanadhani muziki wote wa Cigogo, yaani wa Kigogo, ni wa uwanjani. Sogea karibu na ilimba. Ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na pale kwenye sanduku kuna tundu dogo lililofunikwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaoipa ile sauti ya kuvuma, kama nyuki aliye mbali, inayobaki nyuma ya kila noti. Aliyegundua kwamba utando wa buibui unaweza kufanya kazi hiyo alikuwa na akili ya kushangaza. Sasa weka chombo hicho pembeni ya jenereta. Zeze nalo ni hivyo hivyo, kibuyu, nyuzi na upinde mdogo, sauti nyembamba inayokwaruza kidogo kama koo la mzee. Vyombo hivi vinataka chumba na watu wanaojua kunyamaza.

Nje walilijua hilo siku nyingi. Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu huu, alipiga ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia, akarekodi Uingereza kwenye studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel, na watu wasiojua neno moja la Cigogo walimnyamazia. Alifariki Desemba 2003, Bagamoyo. Mtafiti wa muziki Mspania, Polo Vallejo, ametumia miaka mingi kuchunguza namna Wagogo wanavyopanga sauti zao kwa tabaka. Watu wanavuka bahari kuja kusikiliza kilichopo jirani na Mtumba, kwenye mji wa serikali.

Nakubali, Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, lilianza mwaka 2009, na waliolianzisha wamefanya kazi ambayo sisi wengine tulipaswa kuifanya. Nimekwenda, nimerudi nimejaa vumbi na furaha. Lakini tamasha ni siku chache, vikundi vingi, kila kimoja na dakika zake. Msimu ni kitu kingine. Msimu unampa kikundi kimoja jioni nzima, na unampa msikilizaji sababu ya kurudi wiki ijayo.

Kuna wazee watakaosema ngoma ikiingizwa ukumbini inakufa, mahali pake ni uani, ambapo kila mtu anaitikia na hakuna mtazamaji. Hapa natikisika kidogo, kwa sababu wana haki. Nyimbo za jando zisiguswe, na za msunyunho, za kuombea mvua, waamue wenyewe. Kinachobaki bado ni kingi kuliko jioni zote za kipupwe. Na huo uani wanaoutetea wajukuu zao hawapo. Wako mjini, wanaendesha bajaji na bodaboda, wanapanga Kizota na Majengo.

Fedha? Mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha okestra ya simfoni Kinshasa kwa vyombo vichache ambavyo watu walipokezana, na waya za breki za baiskeli zikafungwa pale nyuzi zilipokatika. Sisi vyombo tunavyo tayari.

Tena msimu wenyewe tunao tangu enzi za mababu, mji ndio umeupuuza. Uwele na mtama vikishaingia ghalani, mwezi wa tano, wa sita, Ugogo ndipo unapoanza kuimba. Harusi zinapangwa, jando linawekwa, usiku ni mrefu na mbingu safi. Watu wa Durban wanachapisha karatasi, babu zetu walitazama ghala. Simfoni ya Tisa ya Beethoven ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, na hata leo iko hai kwa kuwa vizazi vimeendelea kuipangia siku, kuifanyia mazoezi na kuwalipa wapigaji wake. Wimbo usiopangiwa siku unaondoka na mama wa mwisho anayeukumbuka. Katika kikundi cha shangazi mdogo kabisa ana miaka thelathini na nane.

Kwa hiyo nimechukua daftari la mwanangu nikaandika. Ijumaa kumi, kuanzia wiki ya kwanza ya Juni. Ukumbi wa kawaida wenye viti mia mbili, wa shule au wa chuo, si lazima uwe mkubwa. Karatasi mlangoni yenye jina la kikundi, kijiji chao, jina la anayeongoza, jina la kila wimbo kwa Cigogo na mstari mmoja wa maana yake. Malipo yaandikwe na kusainiwa kabla. Hakuna mshereheshaji. Wa Dar es Salaam waje, treni ya umeme inafika hapa tangu 2024. Na nyuma ya ukumbi pawe na uwanja, nyasi kavu, ndoo ya maji kwa usalama, na nusu saa ya moto. Hiyo nusu saa nimeipigia mistari miwili.

Jumapili nilikwenda kumsomea shangazi. Tulikuwa tumekaa nje, ugali wa uwele na mlenda, jua limeshuka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza, "Nani anaanza?"

Nikasema nyinyi, muheme, ili watu wachangamke.

"Hapana. Anzeni na zeze. Ngoma ikitangulia masikio yanajaa, zeze halitasikika tena. Zeze, kisha ilimba, kisha waimbaji peke yao. Sisi tuje mwisho, na moto wetu uwashwe wakati waimbaji wanaingia, usiwashwe mapema, ngozi zikipoa tena ni kazi bure."

Nikaandika. Huyu mama hajawahi kuuona ukumbi wa okestra, na amepanga jioni nzima kabla mlenda haujapoa.

"Na Ijumaa haifai," akaongeza. "Jumamosi ni mnada Msalato, watu wanaamka alfajiri. Wekeni Alhamisi."

Nimefuta Ijumaa zote kumi.