Gesi ni nafuu, lakini saa za foleni analipa nani?

Kila mafuta yanapopanda bei, swali ni lile lile: gesi asilia ya Tanzania iligunduliwa Songo Songo tangu 1974, ipo Mnazi Bay, bomba kutoka Mtwara limefika Dar es Salaam tangu 2015, sasa kwa nini kampuni zenye magari mengi bado zinajaza petroli na dizeli? Jibu la haraka ni kwamba mameneja wa usafirishaji ni waoga, wameshikilia mazoea, wanahitaji kuelimishwa. Nadhani tunawaonea. Wengi wao walishakaa na karatasi wakapiga hesabu ya gesi, na hesabu yao ina mstari ambao wahamasishaji hawauandiki kabisa, yaani muda ambao gari linasimama kituoni.

Hoja ya gesi yenyewe ni nzito, na sina nia ya kuipunguza. Kilo moja ya CNG, yaani gesi asilia iliyogandamizwa kwa ajili ya magari, imekuwa ikiuzwa Dar kwa takriban shilingi 1,550. Petroli, kwa bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilivuka shilingi 3,200 kwa lita mwishoni mwa 2023, na hata iliposhuka haikwenda mbali na 3,000. Tena kilo si lita: kilo moja ya gesi ina nishati inayokaribia ya lita moja na theluthi ya petroli. Kwa hiyo gharama ya kutembea kilomita ile ile inashuka kwa zaidi ya nusu. Kufunga mfumo wa gesi kwenye gari dogo la petroli ni kama shilingi milioni mbili, tangi la petroli linabaki, dereva anabadilisha kwa swichi. Kuna na faida ambayo semina haziitaji lakini mwenye magari anaielewa mara moja, kwamba gesi hainyonywi kwa mpira. Kwa aliyewahi kutuma lori Morogoro likarudi na hesabu ya dizeli isiyoeleweka, hilo si jambo dogo.

Sasa tuchukue Townace ya kusambaza bidhaa mjini. Tuseme inatembea kilomita 150 kwa siku na inakula lita moja kwa kilomita 10. Kwa petroli ya shilingi 3,000, hiyo ni 45,000 kwa siku. Kwa gesi ni kilo 11 na ushei, takriban 17,500. Umeokoa 27,500 kila siku, na milioni mbili za kufunga mfumo zinarudi kabla ya miezi mitatu kwisha. Hapa ndipo mabango ya kuhamasisha yanapoishia.

Meneja yeye anaendelea. Mtungi wa lita 60 unabeba kama kilo 10 za gesi. Maana yake gari hilo, lililokuwa likijaza petroli kwa dakika chache mara moja kwa siku mbili tatu, sasa lazima lipite kituoni kila siku. Kama gari linaingiza shilingi 200,000 kwa siku ya saa kumi, kila saa ni 20,000. Basi ile 27,500 inaliwa yote gari likisimama saa moja na dakika ishirini hivi. Likisimama saa mbili, gesi imekuwa ghali kuliko petroli. Aliyeona foleni za Ubungo na Tazara katika miaka ambayo magari ya gesi yaliongezeka haraka kuliko vituo, anajua kwamba saa mbili ilikuwa bahati.

Zidisha sasa kwa kampuni nzima. Magari 30, kila moja likipoteza saa mbili, ni saa 60 kwa siku. Hiyo ni sawa na kununua magari 30, kuyakatia bima, kuyalipia madereva, halafu kuegesha sita mchana kutwa bila kazi. Wateja wa magari hayo sita hawatakubali kuambiwa kwamba mzigo umechelewa kwa sababu gesi ni mali yetu wenyewe.

Kuna ambao hesabu ya gesi inawakubali, nao ni wengi: dereva wa bajaji au teksi anayejipangia muda wake. Anaweza kuamka saa tisa usiku, akajaza, akarudi kulala. Akikwama kwenye foleni, anapoteza chake na faida ya mwezi bado ni yake. Dereva aliyeajiriwa yuko tofauti. Foleni ikiwa ndefu na bosi akidai mzigo ufike, anabonyeza swichi anarudi kwenye petroli, na mwisho wa mwezi meneja anajikuta amelipia mfumo wa gesi na risiti za petroli pia.

Dizeli ndiyo shida kubwa zaidi, na inashangaza inavyorukwa. Injini ya petroli huwasha kwa plagi, ndiyo maana inaipokea gesi bila matata. Ya dizeli haina plagi, inawasha kwa mgandamizo. Ama uichanganyie gesi na dizeli, hapo unaokoa sehemu tu, ama uifumue uijenge upya, ama ununue lori lililotengenezwa kwa gesi tangu kiwandani. Malori na Coaster nyingi za mjini ni za dizeli. Kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara kina malori ya gesi, lakini kiwanda hicho kiko jirani na gesi yenyewe na kina mtaji ambao msafirishaji wa malori manane hana.

Wanaopigia debe gesi wana jibu, na ni la haki: mwekezaji hajengi kituo pasipo magari, na kila meneja akisubiri vituo, tutasubiriana milele. Wanaongeza kwamba hali inabadilika, kwani TPDC, shirika la mafuta la taifa, ilifungua kituo mama, kile kinachojaza gesi ya kupelekwa vituo vingine, Barabara ya Sam Nujoma jijini Dar mwaka 2025 na vingine vinaongezeka. Kweli. Wengine hutaja Delhi, ambako Mahakama ya Juu ya India iliamuru mwaka 1998 kwamba mabasi yote yahamie gesi ifikapo Machi 31, 2001. Leo mabasi na bajaji za Delhi kutumia gesi ni jambo la kawaida. Lakini tusiache kusimulia katikati yake. Amri ilitangulia, vituo vikafuata nyuma, foleni zikafika kilomita kadhaa, na mabasi ya mwisho ya dizeli yakaondoka mwishoni mwa 2002. Gharama ya miezi ile ililipwa na madereva na wenye magari, na tukiichagua njia hiyo hapa tuseme wazi kwamba tumewachagua wao walipe.

Ipo njia nyingine. Nairobi, kampuni ya BasiGo tangu 2022 inawapa wenye matatu mabasi ya umeme kwa malipo ya kila kilomita, chaji na matengenezo yakiwa ndani yake, na mabasi yanachajiwa usiku yakiwa yamelala. Teknolojia ni nyingine, ila wasiwasi wa mwenye gari umebebwa na muuzaji. Marekani, Wizara ya Nishati ilianzisha mpango wa Clean Cities mwaka 1993, ukiwakutanisha mameneja wa magari na wauzaji wa nishati mji kwa mji. Huko malori mengi ya taka hujazwa gesi polepole usiku kucha ndani ya yadi, kwa kompresa (mashine ya kugandamiza gesi) ya ukubwa wa kiasi, kila gari na mpira wake. Dereva akifika alfajiri, mtungi umejaa.

Viwanda kadhaa vya Dar vimekuwa vikipokea gesi ya Songo Songo kwa bomba tangu miaka ya 2000. Gesi ile inachemsha maji na kuwasha tanuru, huku malori ya kiwanda hicho hicho yakitoka getini na dizeli. Yadi kama hizo ndizo za kuanzia: magari yanarudi kila jioni, yanalala saa nane au tisa, na bomba liko ukutani. Kinachohitajika ni kompresa, mafundi wa dizeli waliofunzwa, mkopo usiodai marejesho kabla gari halijaanza kuokoa, na kibali cha EWURA kinachoruhusu kiwanda kujaza hata malori ya jirani ili gharama igawanywe. Meneja akiwekewa hayo mezani na bado akakataa, hapo nitakubali kwamba ni mwoga.