Fedha za mifumo ya mafao zisingoje maafa

Aprili 2020, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba watu wanaojua COBOL wajitolee kusaidia. COBOL ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959, na mfumo wa jimbo lake wa kulipa mafao ya kukosa ajira, wenye umri wa zaidi ya miaka 40, ulikuwa bado unaitegemea. Kabla ya janga la korona, Marekani nzima ilipokea maombi mapya kama laki mbili kwa wiki. Mwishoni mwa Machi yalipita milioni sita katika wiki moja.

Habari ile ilizunguka dunia, na wengi wakatoka na jibu moja: mifumo ya zamani imechoka, inunuliwe mipya. Mimi naona jibu hilo ni nusu tu.

Tazama Florida. Mfumo wake ulioitwa CONNECT ulizinduliwa Oktoba 2013 kwa takribani dola milioni 77. Huo haukuwa mkongwe. Wakaguzi wa jimbo waliuandikia kasoro zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata, na kasoro nyingi zikabaki palepale. Janga lilipofika tovuti ikazidiwa, na katika mji wa Hialeah watu waliopoteza kazi wakapanga foleni ndefu kuchukua fomu za karatasi, wakati huohuo serikali ikiwasihi wakae nyumbani. Mfumo wa miaka 40 na mfumo wa miaka saba ilishindwa katika majira yaleyale. Kwa hiyo umri pekee hauelezi kilichotokea.

Kinachoeleza zaidi ni jinsi fedha zinavyotolewa. Marekani, gharama za kuendesha ofisi za mafao ya kukosa ajira hutoka kwa kiasi kikubwa serikali kuu, na mgao hufuata wingi wa kazi. Waombaji wakiongezeka, fedha huongezeka. Wakipungua, nazo hupungua. Kwa hesabu za ofisi ya fedha jambo hilo linaeleweka. Kwa mfumo wa kompyuta ni hasara, kwa sababu miaka ya ajira tele ndiyo yenye utulivu wa kurekebisha kasoro, kujaribu mfumo kwa mzigo mkubwa na kuandika upya sehemu zilizozeeka. Ndiyo miaka ambayo wanaoweza kuifanya kazi hiyo hupunguzwa.

Balaa likishaingia, fedha humwagwa. Machi 2021 Bunge la Marekani liliitengea Wizara ya Kazi dola bilioni 2 ili kuimarisha mpango wa mafao ya kukosa ajira: kuzuia udanganyifu, kuwafikia wanaostahili bila upendeleo, kulipa kwa wakati. Miaka miwili baadaye, katika makubaliano ya 2023 kuhusu ukomo wa deni la taifa, bilioni 1 ikafutwa. Ajira zilikuwa zimerudi, foleni zimekwisha, kamera zimeondoka. Jambo hili linanikera kuliko kasoro yoyote ya programu. Kasoro ya programu mtu anaweza kukaa nayo akaitatua. Fedha zinazokuja na hofu na kuondoka na utulivu haziachi mtu wa kukaa.

Wanaofuatilia bajeti wanajua tofauti kati ya fedha za maendeleo na matumizi ya kawaida. Mfumo wa mafao huwekwa kwenye maendeleo: kuna andiko la mradi, zabuni, mkandarasi, na tarehe ya uzinduzi. Uzinduzi ukishapita, mradi unafungwa. Lakini sheria ya mafao haifungwi. Viwango hubadilika, vigezo vya kustahili hubadilika, mahakama hutoa uamuzi, na kila badiliko lazima mtu aliandike ndani ya mfumo, alipime, kisha aangalie limemfanyia nini mama anayejaza fomu kwa simu ya kuazima. Mtu huyo mara nyingi hana kifungu kwenye bajeti, aliondoka pamoja na mkandarasi. Ni sawa na kujenga zahanati bila kutenga mshahara wa muuguzi.

Hata penye ukarimu, mizani imeelemea upande uleule. Katika Medicaid, bima ya afya ya Wamarekani wa kipato cha chini, serikali kuu hulipa hadi asilimia 90 ya gharama za kusanifu na kujenga mfumo wa jimbo, na 75 za kuuendesha. Asilimia 75 ni nyingi, tena ningependa mipango mingine iwe nayo. Msaada wa chakula, SNAP, umekuwa ukipata asilimia 50 tu ya gharama za utawala, na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inashusha mchango huo hadi 25 kuanzia Oktoba 2026. Sheria hiyohiyo inawaongeza watu wanaotakiwa kuthibitisha kwamba wanafanya kazi ndipo wapewe chakula. Jimbo linaongezewa kazi ya kuhakiki na kupunguziwa fedha za kuifanya. Atakayelipia pengo hilo ni mtu ambaye uthibitisho wake utapotea katikati ya mfumo, naye atajua siku atakayokuta kadi yake ya kununulia chakula haina kitu.

Najua jibu la wanaobana matumizi. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, imekuwa ikieleza kwamba katika zaidi ya dola bilioni 100 ambazo serikali kuu hutumia kila mwaka kwa teknolojia, takribani asilimia 80 huenda kwenye uendeshaji na matunzo. Fedha za matunzo basi zipo, watasema. Zipo, ila sehemu kubwa inaweka hai vitu vya kale vilivyoachwa hadi vikawa ghali. Matunzo ninayoyadai ni ya kuubadilisha mfumo kidogo kidogo kila mwezi ili usifikie hapo.

Wengine watataja Michigan, na wana haki. Jimbo hilo lilitumia takribani dola milioni 47 kwa mfumo ulioitwa MiDAS, na kati ya 2013 na 2015 mfumo huo ukawatuhumu watu takribani 40,000 kwa udanganyifu ambao hawakuufanya. Mapitio ya jimbo lenyewe kwa kesi zaidi ya 22,000 zilizoamuliwa na mashine pekee yalikuta asilimia 93 zina makosa. Watu walikatwa mishahara na marejesho ya kodi, wengine wakafilisika. Fedha zilikuwepo. Zilinunua mashine ya kukaa kwenye kiti cha afisa, na hakukuwa na mwenye jukumu la kuisimamisha.

Uingereza ilianza vibaya vilevile. Mwaka 2013 wakaguzi walisema wizara inayosimamia mafao ilikuwa imeandika kuwa hasara programu na vifaa vya Universal Credit, mafao ya wasio na kazi na wenye kipato cha chini, vyenye thamani ya pauni milioni 34. Baada ya hapo ikajenga upya kwa timu yake ya ndani, wabunifu na watengeneza programu pamoja na wanaojua sera, na timu ikabaki. Nusu ya pili ya Machi 2020 walipokea maombi takribani 950,000, na mfumo ukahimili. Kungoja wiki tano kabla ya malipo ya kwanza bado ni ukatili machoni pangu, ila huo ni uamuzi wa wanasiasa, wahandisi hawana namna ya kuuondoa.

Kwa hiyo hotuba ya bajeti inaposomwa, bilioni za mfumo mpya hazinitoshi. Nataka timu ya kudumu iwe kwenye matumizi ya kawaida, na mgao wake usipungue kwa sababu waombaji wamepungua. Na kila muswada unaogusa mafao uje na makadirio mawili: gharama ya mafao yenyewe, na gharama ya kuubadilisha mfumo utakaoyalipa, pamoja na miezi ambayo kazi hiyo itachukua. Bunge likikataa la pili, tarehe ya kuanza kutumika kwa sheria hiyo isogezwe mbele.