Kengele Ikinyamaza, Kimbieni

Siku ya zoezi la tahadhari ya moto, idara yetu peke yake katika jengo zima ilikaa imetulia huku kengele ikipiga kelele za kupasua masikio. Hatukuwa majasiri, la hasha, tulikuwa watiifu. Tangazo la Kiingereza lililobandikwa mlangoni lilituagiza kutoka nje mara tu kengele itakapofanya kile kinachoitwa "go off", na mwenzetu mmoja, tuliyemwita Mwalimu kwa kukiheshimu Kiingereza chake, alikwisha kutufafanulia: taa ikiwa "off" imezimika, redio ikiwa "off" imezimika, basi na kengele ni vivyo hivyo. "Ikinyamaza tu, ndugu zangu, msisubiri hata kuvaa viatu," alisema.

Nilithubutu kuuliza iweje kengele ilie wakati wa salama na inyamaze wakati wa hatari, nikajibiwa kwamba moto huanza kwa kuunguza nyaya, na kengele isiyo na umeme italiaje? Hoja ilikuwa nzito, nami sikuwa na ya kuijibu. Kupitia dirishani tuliwaona wafanyakazi wengine wakikimbilia uwanjani, na Mwalimu akawasikitikia kwa kutojua lugha.

Kengele ikanyamaza. Tulitoka kama nyuki waliochokozwa, tukateremka ngazi mbio, na katikati tukakutana ana kwa ana na jengo zima likirudi kazini, likiongozwa na msimamizi wa usalama ambaye hesabu yake ya watu ilikuwa imepungukiwa na idara nzima.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tukingoja kengele izimike, mzee," akajibu Mwalimu bila kutetereka.

Ikabidi tufundishwe palepale ngazini. Msimamizi alieleza kwamba "go off" husemwa pia juu ya kitu kilichokuwa kimezuiliwa kisha kikaachiwa ghafla: bunduki hufyatuka, bomu hulipuka, na saa ya zamani ya kuamshia, ambayo kamani yake imekazwa, huachiwa ikaanza kulia. Alikiri kwamba taa ilikuwa upande wa Mwalimu, kwa kuwa "the light went off" ni taa iliyozimika kweli. Kwa maoni yangu, maneno yanayotumika kwa taa iliyozimika na kwa bomu lililolipuka hayafai kukabidhiwa roho za watu.

Alasiri mtu alibandika karatasi kwenye jokofu la ofisi kutangaza kwamba maziwa yalikuwa "gone off", jambo ambalo kwa Kiingereza cha Uingereza humaanisha yameharibika. Mwalimu, ambaye somo la ngazini lilikuwa limemwingia barabara, alifungua jokofu kwa ncha za vidole, akarudi nyuma hatua kadhaa, akatega sikio kwa muda mrefu, na alipojiridhisha kwamba chupa hailii wala haielekei kulipuka, akajimiminia glasi nzima.