Hawala ya Dieng na barua ya sheha

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, baraza lenyewe lililopewa jina la filamu ya papa ya 1975, ukizungumzia filamu za zamani utasikilizwa maadamu unamtaja Raj Kapoor, nyota wa filamu za Kihindi. Wazee watauimba wimbo wa filamu yake Awaara tangu mwanzo hadi mwisho, na Kihindi hawakijui. Mtaje Ousmane Sembène wa Senegal, utaona mtu anarudi kwenye dhumna yake. "Aa, zile za polepole, za kulala zile."

Si hoja ya kubeza. Sinema kwetu ilikuwa starehe. Watu walivaa wakapendeza, wakenda Majestic au Cine Afrique na familia zao, wakalia, wakacheka, wakarudi majumbani na nyimbo. Leo mtu katoka kazini kachoka, unamwekea filamu isiyo na wimbo wala mwovu wa kupigwa, mtu anatembea tu barabarani. Tena wapo wanaosifu filamu kwa kuwa haieleweki, na hao tuwaache na sifa zao.

Neno linalonikera ni hilo la "polepole". Wanaolisema ni hao hao wanaokaa bashraf nzima, ule muziki wa ala tupu, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa wakipiga, fidla na ganuni, mwimbaji bado kakaa kimya, na hakuna anayeuliza wimbo utaanza lini. Mandabi ya Sembène, ya 1968, nayo ina bashraf yake: vinyozi nje chini ya mti, wembe unapita kichwani, kisha unaingia puani. Hakuna kinachotokea. Lakini vinyozi wakimaliza, Ibrahima Dieng umeshamjua: kanzu pana, wake wawili, watoto saba, kazi hana, na madaha hayajapungua hata chembe.

Ndipo inapokuja hawala ya posta kutoka Paris, kwa mpwa wake anayefagia barabara huko. Faranga 25,000. Hebu tuzigawe kama barua ilivyoagiza: 20,000 amwekee mpwa, 3,000 ampe mama wa kijana, 2,000 ndizo zake. Elfu mbili! Mimi hesabu hii hainitoki kichwani, maana filamu nzima imo humo. Dukani mchele umeshakopwa, majirani wameshakuja na shida zao, na kila mmoja anaitazama 25,000. Ile 2,000 hakuna anayeitazama. Aliyewahi kutumiwa pesa kutoka Muscat au London, awe wa Unguja au Pemba, anajua kwamba jirani hahesabu fungu lako, anahesabu jumla.

Na pesa yenyewe bado iko posta. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka picha na cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe, naye siku aliyozaliwa haijui. Kila safari tunakwenda naye, na kila dirisha tunasimama naye. Ni polepole kwa sababu ofisi ni polepole. Ukizikata safari zile umekata hadithi. Mtu aliyehangaikia kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, akaambiwa arudi kesho, hatalala hapo. Atacheka, kisha atanuna. Pesa zenyewe mwishowe zinaishia mikononi mwa jamaa msomi, mwenye gari.

Kuna pahala pamoja tu ambapo baraza linanishinda. Sembène alikuwa mwandishi wa vitabu. Alishika kamera kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kuvisoma, na Mandabi akaitengeneza kwa Kiwolofu, lugha ya hao akina Dieng. Sisi inatufikia ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini! Filamu ya wasiosoma imegeuzwa kazi ya kusoma. Mtu wa Wete au Mkokotoni anayeinuka dakika ya ishirini hakuchoshwa na kinyozi, kachoshwa na maandishi.

Filamu za mapigano zilipata wafasiri wao zamani kwenye vibanda vya video, mtu na kipaza sauti, anaongeza chumvi apendavyo, na watu hawabanduki. Dieng hajapata wake. Ningependa kumsikia mmoja wao akifika pale karani wa posta anapoomba kitambulisho. Sidhani kama atatafsiri. Atampeleka kwa mkuu wa shehia kama tunavyopelekwa sisi, atasema tu: "Kalete barua ya sheha."