Kuchelewa kwa Voyage ndiko kulikoizaa

Mwezi Aprili 2018 ABBA, kundi la muziki la Uswidi, walitangaza kwamba wamerudi studio na kurekodi nyimbo mbili mpya, na kwamba mmoja wao, "I Still Have Faith in You", ungesikika Desemba ya mwaka huohuo. Desemba ikapita, 2019 ikapita, 2020 ikaja na korona, na nyimbo zenyewe zikatoka tarehe 2 Septemba 2021, siku ileile ilipotangazwa albamu nzima, Voyage, ambayo ilifuata tarehe 5 Novemba. Sisi wa Dar es Salaam, tunaowafahamu Waswidi hawa kupitia vipindi vya zilipendwa na kaseti za wajomba zetu, hatukushangaa sana, kwa sababu ahadi ya "ngoma inatoka Ijumaa" tumeshaizoea kwa wasanii wetu wenyewe.

Kilichokwamisha kazi ile, hata hivyo, hakikuwa muziki. Nyimbo mbili zilikuwa tayari, lakini zilifungamanishwa na onyesho la picha za kidijitali zinazowaonyesha wanamuziki hao wakiwa vijana wa miaka ya 1970, na picha hizo zilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Naliona jambo hilo kuwa la kulaumiwa. Wimbo uliokamilika usingepaswa kuwekwa kabatini ukisubiri fundi wa picha, hasa ikiwa waimbaji wake, Agnetha na Frida, walikuwa wameshafika au kukaribia miaka 70.

Lakini lawama yangu inaishia hapo, kwa kuwa mpango wa awali haukuwa na albamu ndani yake. Benny na Björn, wanaume wawili wa kundi hilo na watunzi wa nyimbo zake, walihitaji nyimbo chache tu za kunogesha onyesho. Kusubiri kuliporefuka wakaongeza nyingine, kisha nyingine, hadi wakajiuliza kwa nini wasitimize kumi. Laiti ahadi ya Desemba 2018 ingetekelezwa, huenda tungepata nyimbo mbili na picha zinazocheza, basi.

Umri wa albamu hii unasikika waziwazi ukiusikiliza "Just a Notion". Sauti zake zilirekodiwa mwaka 1978, wimbo ukaachwa, na Benny akaja kuupigia ala upya. Uweke kando ya "Don't Shut Me Down", ambamo sauti imeshuka na kuwa nzito kidogo, na mwimbaji hakimbilii noti za juu kama zamani. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, kwa sababu hadithi ya mwanamke anayerudi kugonga mlango alioufunga mwenyewe haiaminiki katika koo la msichana. (Wimbo wa Krismasi wenye kwaya ya watoto ningeutoa bila kujiuliza mara mbili.)

Jambo linalonigusa zaidi kama mpenzi wa dansi ni kwamba safari hii walijua wanafunga. Albamu yao The Visitors ya mwaka 1981 ilikuja kuwa ya mwisho kwa bahati tu: kundi liliacha kufanya kazi mwishoni mwa 1982 bila kutangaza kwamba limevunjika, na kwa karibu miaka 40 mashabiki wakaachwa njia panda. Bendi zetu nazo haziagi. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 na Msondo Ngoma inatokana na NUTA Jazz ya mwaka 1964; wanamuziki huhama, jina hubaki, na hakuna anayeweza kukuonyesha wimbo gani ulikuwa wa mwisho wa kikosi fulani. Muhidin Maalim Gurumo, aliyepita katika bendi hizo zote mbili, alitangaza kustaafu mwaka 2013 na akafariki mwaka uliofuata. Walau yeye aliaga kwa kinywa chake, ingawa hakuna aliyemwandalia albamu ya kuagia.

Ndiyo maana siungani na wanaosema Voyage imepitwa na wakati. Haina mdundo wa kisasa hata mmoja, na Benny ameeleza kwamba hawakujaribu kushindana na muziki wa vijana. Ilishika namba moja Uingereza na namba mbili Marekani, nafasi ambayo albamu zao za ujanani hazikuwahi kuifikia nchini humo. Benny alisema pia kwamba hii ndiyo ya mwisho, na mimi ningeomba asibembelezwe abadilishe kauli.