Ng'ombe Mwenye Wasifu

Jamani, zamani ukienda kununua nyama swali lilikuwa moja tu: na mfupa au bila mfupa? Siku hizi nahojiwa kama mtu aliyekuja kuposa. "Unataka wa nyasi tupu au aliyemaliziwa nafaka?" Mimi nimetumwa nyama, ndugu yangu, sikutumwa utafiti!

Kisha naanza kusimuliwa maisha ya marehemu: kazaliwa papa hapa, kalelewa malishoni, kanywa maji safi. Mimi nilichokula jana mchana hata mke wangu hakijui, lakini ng'ombe huyu kila alichotafuna kina shahidi.

Halafu hiyo "kala nyasi" ina ujanja. Ng'ombe gani hajawahi kula nyasi? Karibu wote huanza na maziwa ya mama na majani. Mchezo uko miezi ya mwisho, wengine wanapofungiwa na kumwagiwa nafaka wanenepe upesi. Na kuwa wa hapa hapa hakumzuii kushiba mahindi. Nilipomuuliza muuzaji, "Alikula nyasi mpaka siku ya mwisho?" akaanza kunoa kisu. Kisu chenyewe kilikuwa kikali tayari.

Bei nayo! Wanasema wa nyasi huchelewa kunenepa. Sawa, ila mimi nikichelewa kazini nakatwa mshahara; yeye akichelewa, anapandishwa bei.

Nafika nyumbani, mama watoto anafungua mfuko. Mafuta ya njano. "Hii imelala siku ngapi?" Nikamweleza kwa upole kwamba majani mabichi yana karotini, ile ile ya kwenye karoti, nayo hukaa kwenye mafuta ya mnyama. Akaniangalia. "Kwa hiyo umeongeza hela upate karoti?"

Shemeji, mjuaji wa kila jiko, akasema tumwachie yeye. Nyama hiyo haina mafuta mengi ya kuisitiri, inaiva upesi na kukauka upesi, yeye akaiwekea moto wa kuyeyusha chuma. Tulikaa mezani tukitafuna bila kusemeshana. Mtoto mmoja akatoa kipande mdomoni, akakikagua pande zote, akakirudisha. Shemeji akajitetea kwamba ina omega-3, yale mafuta yanayosifiwa kwa afya. Ni kweli inazidi ile ya ng'ombe wa nafaka, lakini ukiiweka mbele ya samaki mwenye mafuta inainamisha kichwa. Na samaki hatafunwi mpaka usiku wa manane!

Sasa jirani kaja na wazo: tuchange majirani wanne, tununue ng'ombe mzima kwa mfugaji. Nafuu, akasema. Hakusema kwamba ng'ombe wa kilo 400, kikishatoka kichwa, ngozi, miguu na matumbo, anabaki kilo 200 na kitu, na humo mifupa bado imo. Wala hakusema kwamba sarara, ile nyama laini kuliko zote, ziko mbili tu, moja kila upande. Watu wanne, sarara mbili. Siku ya kugawana, watu waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi walikaziana macho kwenye mizani.

Mimi nikaangukia shingo, pamoja na hotuba ndefu kwamba ukiichemsha taratibu kwa moto mdogo, saa kadhaa, zile nyuzi ngumu hulainika na mchuzi hunata vidoleni. Nimeichemsha. Ni tamu, sikatai. Ila aliyetoa hotuba ndiye aliyeondoka na sarara.