Nipimeni Meno Ningali Mzima

Jumatatu nilizibwa gego la chini, upande wa kulia. Jumatano asubuhi mahamri yalinishinda. Si kashata, si nyama ngumu: mahamri, tena yaliyochovywa kwenye chai! Kila nikifunga mdomo, gego lile linatangulia kugusa, na wenzake wote wamebaki hewani wakingoja zamu yao.

Jina la kliniki silitaji. Daktari hakufanya haraka, na kupima alipima. Alinitia karatasi ya bluu katikati ya meno, akaniambia, "Uma. Saga kidogo. Wahisi pamezidi?" Nikajibu hapana. Ningehisi nini na ganzi imeshika nusu ya taya, mdomo umelegea, nami nimelala chali? Huko kulala chali peke yake hurudisha taya nyuma kidogo.

Kati ya mzizi wa jino na mfupa mna nyuzi laini, unene wake kama sehemu ya tano ya milimita, nazo ndizo zinazohisi. Aliye na meno mazima hutambua kitu chembamba cha maikroni 20 hivi, yaani sehemu ya hamsini ya milimita, kikiwa kati ya meno yake. Unywele mmoja huzidi hapo mara kadhaa. Kwa hiyo nilipokuwa nikilalamika nyumbani, sikuwa nadeka.

Karatasi ya rangi nayo ina mipaka yake. Yaonyesha meno yanapogusana, haisemi yanagusana kwa nguvu gani. Doa kubwa si lazima liwe zito, na mate huharibu alama. Kuna foili ya maikroni 8: unauma, daktari anaivuta, ikishikwa basi meno yanagusana. Tangu miaka ya 1980 kuna pia kitambuzi chembamba cha umeme kinachoonyesha jino lipi limetangulia na mzigo umegawanyika vipi. Kizuri, ila nacho huonyesha mgawanyo kwa asilimia, si nguvu yenyewe.

Ami yangu ni seremala wa milango huku Lamu. Nilipomsimulia aliuliza swali moja tu: "Kwani kabla hajachimba, aliangalia ulivyokuwa ukiuma?"

Hakuangalia. Na hapo ndipo pananiudhi. Mwaka 1972 Lawrence Andrews, daktari wa kunyoosha meno wa Marekani, alichapisha aliyoyaona kwenye vielelezo 120 vya meno mazuri ambayo hayajawahi kunyooshwa. Alianzia kwa wazima. Sisi twapimwa jino likishaoza, kisha twalinganishwa na mdomo wa kitabuni. Jino langu moja la mbele limepinda tangu utoto na halijanisumbua hata siku moja. Kuuma kwangu ni kwangu. Karatasi nyekundu kabla ya sindano, nimekaa wima, picha moja ya simu ikatiwa kwenye faili: dakika mbili, hata hazifiki.

Alhamisi nilirudi, safari hii bila ganzi. Daktari aliniketisha, nikauma, likatoka doa la bluu kadiri ya punje ya ufuta. Mashine ikalia sekunde chache. "Uma tena." Meno yote yakagonga kwa pamoja, ko! Nikamwomba apige picha na upande wa kushoto, ule usio na kasoro. Alicheka, lakini simu akaitoa.